Kiti cha Mbele cha Umairah

Jumapili, 11 Januari
Umairah ameanza darasa la kwanza! Huku kwetu wiki ya shule huanza Jumapili, huisha Alhamisi. Wiki nzima ni ya watoto kuizoea shule, na sisi wazazi tunaruhusiwa kuchungulia madirishani. Mimi nataka kitu kimoja tu: kiti cha mbele. Nilikaa nyuma miaka yangu yote ya shule, nikatoka na alama za kutia huruma. Mwanangu, hapana!

Nimefika mara tu baada ya sala ya alfajiri, mkoba wake mkononi, nimwekee kiti. Nani nimemkuta? Jirani yangu Rusnani! Mkoba wa binti yake Syazwina umeshatua mbele ya meza ya mwalimu, yeye anakunywa chai. Akaniuliza, “Umepitiwa na usingizi, mdogo wangu?” Nikaweka wa kwetu pembeni, safu ileile. Ushindi!

Saa moja na nusu akaingia Mwalimu Hasmida. Akaondoa mikoba yote. Akapanga watoto kwa kimo, wafupi mbele. Umairah amerithi miguu ya baba yake. Safu ya tano. Ya mwisho. Kando ya ufagio.

Jumatatu, 12 Januari
Nimepata akili. Nimemwambia Mwalimu kwamba mtoto haoni mbali. Nilikuwa nimemfundisha Umairah akunje macho. Akakunja vizuri sana, hata mimi nikaanza kumhurumia. Mwalimu akamwomba asome anachokiona. Umairah akasoma kalenda ya ukutani, mpaka vile vitarehe vidogo, kisha akauliza kwa sauti kama sasa anaweza kuacha kukunja, maana Mama hakusema mwisho ni lini. Dirisha zima la wazazi likacheka. Rusnani alicheka mpaka akashika nguzo.

Jumanne, 13 Januari
Kama tatizo ni urefu, tuupunguze! Nimemwambia atembee magoti yamekunjwa kidogo. Kidogo, nilisema! Mtoto akavuka uwanja kama bata. Nikaitwa ofisini kuulizwa kama nyonga zake zilishawahi kupimwa. Rusnani akataka kujua kama nyumbani tunafuga na kuku pia.

Rosdi, mume wangu, ameniuliza usiku huu kama ninamtafutia mtoto kiti au ninagombea ubunge. Jibu amelikuta kwenye sahani: kipande cha mkia wa samaki.

Jumatano, 14 Januari
Leo watoto wamefundishwa kujinunulia chakula kantini. Wazazi tumejaa kuliko nzi. Nimekuja na kikapu cha keki za mayai za Mwalimu, nimezioka kwa moto wa makumbi ya nazi, bado vuguvugu. Si hongo! Ni upendo. Mwalimu akashukuru, akasema yeye hapokei zawadi, akawagawia watoto wote. Syazwina amekula nne.

Halafu Umairah akaja na sahani yake ya wali, kainunua mwenyewe, chenji kaishika kama yai. Nikanyoosha mkono nimbebee. Akasema, “Mama, nenda nyumbani. Huku nyuma kuna feni. Wa mbele ndio wanaolia.”

Nimelia njia nzima. Kwa furaha, nadhani. Mimi wiki yangu ya kwanza nilijificha chooni.

Alhamisi, 15 Januari
Siku ya mwisho ya wiki. Mwalimu ametukusanya wazazi wote, lakini macho yake yalinitazama mimi. Amesema tusihangaike na viti. Kila Jumapili kila safu itasogea moja mbele, na ya mbele itarudi mwisho. Kila mtoto atapita kila mahali. Kiti hakimfanyi mtu msomi. Nimetikisa kichwa kwa kukubali. Maneno mazito! Hata Rusnani aliitikia kwa kichwa. Nimerudi nyumbani moyo mweupe.

Nikachukua penseli za rangi za Umairah, nikazipanga mezani kama safu, nikaanza kusogeza. Wiki ya wazazi kuja kutazama masomo iko baada ya wiki kumi. Nimesogeza mara kumi. Safu ya mwisho! Nimerudia. Ya mwisho!

Lakini safu zikiwa sita, wiki ile Umairah anaangukia mbele kabisa. Na darasa limejaa pomoni. Akija mtoto mmoja tu zaidi, lazima safu ya sita iongezwe, nyuma kabisa.

Binamu yangu wa Tumpat ana binti wa miaka saba. Mrefu, maskini. Kesho ni Ijumaa, hakuna shule. Naenda Tumpat na keki kumwambia kwamba huku kwetu kuna feni.