Mfumo Endeshi wa Kulungu Mia Tatu

Hakuna aliyemtarajia. Aliingia kwenye ukumbi wa soko la Oulu, Ufini, na theluji mabegani, akautua mkanda wa shingo ya kulungu katikati ya vikombe vya kahawa vya wazee watatu.

"Naitwa Biret, mfugaji wa kulungu wa theluji, natoka kaskazini. Nimeambiwa nyinyi mliwahi kuunda simu. Huu mkanda unatakiwa uniambie mara moja kwa siku kulungu yuko wapi, na betri ivumilie baridi yote. Chipu yenyewe ndiyo hii, ya bei rahisi. Niiwekee mfumo endeshi gani?"

Ni sawa na kuwatupia mbwa watatu mfupa mmoja.

"Ule wenye nembo ya pengwini," akasema Taisto. "Ni wa bure, na unaendesha nusu ya dunia."

"Umechemka," akasema Urho, ambaye kwa kupenda mifumo isiyochelewa wenzake walishamwita Sekunde. "Chipu ina kilobaiti nane tu za kumbukumbu. Pengwini wako hata unyoya hauingii."

"Tunaongeza kumbukumbu."

"Na betri?"

"Tunaongeza betri."

"Na kulungu?"

"Tunampa mkokoteni wa kuibebea."

Biret hakucheka. "Mwaka jana mikanda ilizima Januari. Nikapoteza kulungu arobaini. Ikizima tena, nauza kundi lote la mia tatu."

Armas, mzee wa tatu, aliuvuta mkanda karibu. Miaka kumi na moja alikuwa akiandika mfumo wake mwenyewe, Kipepeo, na hakuna aliyewahi kuutumia. Ndiyo maana kijiweni walimwita Rais: ana nchi, hana raia. Leo raia mia tatu wamebisha hodi.

"Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," Sekunde akamwonya mgeni. "Rais ameshanusa wapiga kura."

"Tena wenye pembe," akadakia Taisto.

Biret akamgeukia Armas. "Mzee, niahidi jambo moja. Utaniambia kinachoufaa mkanda, si kinachokufaa wewe."

"Naahidi," akajibu upesi, maana aliamini ni kitu kimoja.

Akavuta tishu, akaanza kupiga hesabu. Kipepeo huamsha chipu mara mia kila sekunde, kuuliza kama kuna kazi. Mkanda una kazi mara moja kwa siku. Betri ingekufa Januari. Akapunguza huku, akakata kule: Februari. Akajaribu aina ya mfumo anaoupenda Sekunde: Machi. Kahawa yake ikapoa, jambo ambalo Oulu humfanya mtu aitiwe daktari.

"Rais, tangaza matokeo," akasema Taisto.

Armas aliikunja tishu taratibu. "Usiweke wowote."

"Wowote?" wakauliza wote watatu.

"Mfumo endeshi ni msuluhishi wa kazi zinazogombana. Huu mkanda una kazi moja tu, itagombana na nani? Chipu iamke, itume alipo kulungu, ilale. Mistari arobaini ya programu inatosha, na betri itafika Mei."

Sekunde akavua kofia. "Nimeishi kuona rais akijipindua mwenyewe."

"Na hiyo mistari ataiandika nani?" akauliza Biret.

Armas akatandaza tishu nyingine, akamwomba Taisto asogeze kikombe, akaanza kuandika.