Ombi la Kufutiwa Uhasibu Kabla Sijafa

Kwa Msajili,
Bodi ya Wahasibu.

Mheshimiwa Msajili,

Natumaini barua hii itakukuta mzima; mimi, itakapokufika, huenda nisiwe. Daktari ameniambia zimebaki wiki chache na akakataa kutaja idadi, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni ukatili. Naandika nikiwa nimeegemea mito, hivyo mistari ikiteremka upande wa kulia usidhani ni ulevi.

Naomba kwa heshima zote mnifutie leseni yangu ya uhasibu, na ufutaji huo uhesabiwe tangu siku mliyonipa. Sababu zangu ni hizi:

1. Hamkunionya. Nilifanya mitihani yenu nikiwa kijana mwenye shati moja la ofisini. Ule wa kodi niliurudia na kuurudia, nikisomea bafuni kwa kuwa ndipo palipokuwa na mlango unaofungika. Mchana nilijifunza kazi kwa mkaguzi mmoja ambaye hakuruhusu feni iwashwe, eti inapeperusha vocha. Mliniuliza kuhusu uchakavu wa mitambo, mali ghalani na kampuni zilizofilisika. Hakuna swali lililouliza kama mtahiniwa yuko tayari kuwa mweka hazina wa ukoo mpaka atakapokata roho. Hilo ningeliacha wazi.

2. Leseni iliwageuza ndugu zangu. Siku niliyotundika cheti sebuleni nilianza kuitwa Mhasibu, hata na mama mzazi. Tangu hapo hakuna harusi niliyokula nikashiba. Wenzangu wakicheza, mimi niko chumba cha nyuma na mfuko wa noti, nabishana na mjomba anayeshikilia kwamba aliahidi, na kuahidi nako ni kutoa. Nikienda kumjulia hali mgonjwa, najikuta nachambua bili ya hospitali. Siku ya posa yangu mwenyewe, shangazi alinikabidhi boksi la risiti za duka lake, akaniambia nisiwe na haraka, nizipitie tu nikipata nafasi.

3. Imeniharibu akili. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, muuguzi alinitajia uzito wake kwa furaha, nami nikamuuliza nani alipima, na kama kuna mtu wa pili aliyethibitisha. Mke wangu alinisamehe. Mama mkwe alikwenda nalo kaburini.

4. Hili naliandika polepole. Mke wangu alipofariki, watu walifurika na michango ikafurika. Kamati ikasema fedha zile hakuna wa kuaminiwa nazo ila mhasibu. Nilikubali, tena nilijisikia fahari kidogo, na hilo ndilo ninaloliungama kwako, kwa sababu sina mwingine atakayelielewa. Niliwekewa meza karibu na lango la makaburi. Jeneza lilipokuwa likishushwa, mimi nilikuwa namtafutia chenji mzee mmoja aliyetoa noti kubwa. Niliponyanyua uso, watu walikuwa wanarudi, wakipangusa udongo mikononi. Jioni nilisoma hesabu, ikakaa sawa mpaka senti ya mwisho. Nikapigiwa makofi.

5. Na sasa haya ya leo. Wanangu, wakwe na majirani wamekutana sebuleni. Ukuta ni mwembamba, na masikio ndiyo kiungo changu pekee ambacho hakijastaafu. Wanaunda kamati ya mazishi yangu. Sikuchukia; kujipanga mapema ni jambo jema. Wakapata mwenyekiti, katibu, na mtu wa kushughulikia turubai na viti. Walipofika kwenye mweka hazina, nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha mlango wangu ukafunguliwa. Mwanangu mkubwa akaketi kitandani, akaniuliza nimelalaje, akakohoa, akasema wamejadili sana na kwa uaminifu hawajaona mwingine. Nikamuuliza anakumbuka marehemu ni nani. Akanipapasa mguu: "Lakini baba, si kwa sasa upo tu?"

Nimemkatalia.

Mheshimiwa, mtu anayekufa anastahili kutembelewa chumbani na mtoto wake asiye na ajenda. Tangu nilale kitandani hapa, hakuna aliyekuja kukaa nami mikono mitupu. Kila mmoja ana karatasi yake ya kupigiwa jicho. Mkinifuta, nitakuwa mzee yeyote anayeumwa, asiye na la kuulizwa isipokuwa kama anataka maji. Ni hilo tu ninalolitaka.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, makarani wa masijala, wasahihishaji wa mtihani wa kodi, ambao nimewasamehe, na kila mwenzetu ambaye usiku wa leo hesabu zake zimegoma kuwiana.

Wako mtiifu, kwa muda uliosalia,

Mhasibu wenu wa zamani, ninavyotumaini.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, kikao kimeendelea. Kwa kuwa nimekataa, wamemchagua binti yangu wa mwisho, aliyefaulu mtihani wenu wa mwisho juzijuzi na sasa anasubiri leseni. Nimesikia wakipanga meza yake ikae karibu na lango. Nimesikia naye akikubali, kwa sauti ya mtu aliyeheshimiwa.

Basi ombi langu nimelifuta. Niacheni kwenye orodha yenu. Nimekwisha kumwita mwanangu mkubwa aniletee hapa kitandani mfuko wa michango na kitabu cha risiti. Kila kitu kitakusanywa, kitalipwa na kufungwa ningali hai, na atakayechelewa abaki na pesa yake. Siku yenyewe pasiwe na meza.

Leseni ya binti mpeni, ameitolea jasho. Ila nawasihi, kama mna namna, ichelewe kidogo posta.