Mfu Aliyeongoza Vita

Jumatatu, 4 Agosti

"Vita bila bunduki ni harusi." Hivyo ndivyo Mzee Zulbasri alivyotangaza leo kibandani, mdomo umejaa ndizi ya kukaanga. Upuuzi! Harusi ni hizo bunduki zake za mbao. Mwili ukianguka vizuri, nani anauliza risasi iko wapi? Suruali zetu pana za randai, mchezo wetu wa kuigiza ndani ya duara, zikipigwa kwa pamoja, pa!, huo ni mzinga. Zikisuguliwa taratibu, ni mvua juu ya maiti. Mimi nimesoma vitabu vya maigizo vya nusu dunia. Yeye amesoma bei za mbolea.

Nilimwambia hivyo hivyo. Wachezaji wakaniunga mkono. Ushindi! Kisha akasimama, akapiga paja, na duara zima likamfuata kama bata. Yeye ndiye mwongoza duara: akipiga wanapiga, akichuchumaa wanachuchumaa. Hawafikirii. Walizoezwa wasifikirie tangu wakiwa na meno ya utoto.

Dada yangu, Uni Dasnimar, amechoka nasi. Uwanja wa mazoezi ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho. Baada ya tamasha la Jumamosi wachezaji watachagua kiongozi mmoja, mwingine aondoke. "Majogoo wawili nimewavumilia vya kutosha, Nas." Uwanja niliouongoza tangu nina nywele!

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata dawa. Nimempa Zulbasri heshima kubwa: shujaa wa kwanza kufa. Atalala katikati ya duara vita vizima. Maiti haiongozi mtu! Nitaongoza mimi, nikiwa jemadari.

Aliuliza kama watu watalia. Nikamwambia watalia mpaka wakauke. Akaomba alale chali, uso uonekane. Nikamruhusu. Masikini, alifurahi.

Mazoezi yalikuwa mabaya. Nikipiga paja, duara linachelewa. Ati ni kosa langu! Erizal, nyoka wa duara, akaropoka mbele ya wote: "Kaka Nas, unapiga kama mtu anayetafuta funguo." Wakacheka. Zulbasri alicheka akiwa amekufa.

Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Nimewahi uwanja wa tamasha kabla ya wote. Nimeketi pale pale atakapolala maiti wangu, nikala lamang, wali mtamu wa kunata, pamoja na tapai yake, mchele mweusi uliochachushwa. Sharubati ya tapai imemwagika kidogo. Si kitu. Majani yatainywa.

Jumapili, 10 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Zulbasri alikufa vizuri. Nikapiga paja, jeshi likainuka. Watu wakanyoosha shingo! Kisha yeye, maiti, akajipiga paja. Pa! Duara zima: pa! Akajipiga shingo. Wote wakajipiga shingo. Siafu! Walikuwa wamemwingia kwenye suruali. Akagaagaa, jeshi likagaagaa. Akaruka juu akijikung'uta, na majeshi yote mawili yakaruka yakijikung'uta, sawasawa, kama mwili mmoja. Nilipiga kelele: "Shambulieni! Shambulieni, enyi mbuzi!" Erizal akanipita akiruka, akanong'ona: "Tupishe, Kaka, unaharibu vita."

Nilibaki nje ya duara na upanga wangu usioonekana.

Wanawake walilia. Mwamuzi mmoja alisema hajawahi kuona wafu wakiyakataa mauti namna ile. Wafu! Ni siafu, mama!

Jumanne, 12 Agosti

Zawadi ya kwanza ni yetu. Wachezaji wote wamemchagua Zulbasri, hata binamu yangu. Amekuja kunishukuru, shingo imejaa uvimbe, akakiri kwamba nilikuwa na haki: bunduki hazikuhitajika. Kisha akaniomba ufunguo wa uwanja. Dada alikuwa amesimama nyuma yake. Nikautoa. Uni akauliza, kwa sauti ile yake ya pole, nani alimwaga sharubati pale katikati. Nikasema mbuzi.

Lakini nimelichunguza jambo hili kama msomi. Kosa langu ni moja tu: nilimpa yeye nafasi ya maiti. Nguvu zote zimo katika maiti! Nimeshamwagiza Uni lamang ya mwakani, na tapai nyingi zaidi. Nitaila pale pale, nipazoee mahali.

Nanyi waamuzi, futeni jina la Zulbasri kwenye zawadi, mwandike langu. Nanyi wachezaji wa duara, msijifanye hamnisikii: mwakani mfu ni mimi. Nikijipiga, jipigeni!