Daftari la Funguo za Uwanja Mkuu

Inatangazwa kwa umma wote, wahusika na wasiohusika, kwamba Uwanja Mkuu umeingia rasmi katika Kipindi cha Tathmini ya Kutotumika. Kwa siku tisini Kamati ya Matumizi Mapya itaangalia kama kuna mtu anayeutumia. Asipoonekana mtu, Uwanja utatafutiwa manufaa. Umma unaombwa kuipa Kamati ushirikiano kwa kutoonekana.

Tangazo hilo lilibandikwa getini Alhamisi asubuhi kwa gundi ya kuazima. Kamati ilikuja na mhuri, mpiga picha na nakala arobaini, ila gundi iliisahau. Aliyewaazima ni mtunza funguo, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Funguo, na kabla hajaitoa chupa mkononi aliwaandikisha.

Ndivyo alivyokuwa. Uwanja ulikuwa na funguo thelathini na moja, kila mmoja na kibati chake, na kwa miaka tisa hakuna hata mmoja uliotoka kwenye kibanda chake bila mtu kuandika daftarini: tarehe, jina, chumba, na kazi anayokwenda kufanya. Siku moja bomba la chini ya jukwaa lilipasuka. Fundi bomba akaja mbio, naye akampa kalamu kwanza. Maji yaliwafika vifundoni fundi akiwa bado anaandika "kuzuia mafuriko".

Ufunguo mmoja tu haukuandikwa popote, ule wa chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni. Kwa huo alifungua mlango mwenyewe kila siku saa kumi na moja jioni, na kwa mawazo yake mtu hajiazimi kitu chake. Humo ndani, kati ya mabomba ya kuogea na ndoano za jezi, palikuwa na ubao, mabenchi na watu wazima kumi na tisa waliokuwa wakisoma. Mwalimu wao alikuwa mstaafu aliyekataa kustaafu. Binti wa Mama Funguo, wa miaka miwili, alilala kwenye godoro la mazoezi, na mama yake alikaa benchi la mbele. Alikuwa mwanafunzi kama wengine. Mtihani wao wa cheti ulipangwa siku ya mia na tano tangu tangazo, na kituo kilichosajiliwa kilikuwa hichohicho chumba chenye ndoano. Uwanja ukifungwa siku ya tisini, kituo kimekufa, na kituo kikifa hakuna mtihani. Mama Funguo alikuwa ameusubiri mtihani huo tangu alipotolewa shule akiwa na miaka kumi na miwili kwenda kulea wadogo zake.

Basi akamfuata Mwenyekiti wa Kamati, mtu mnene wa sauti nzito, ambaye hata akikuuliza saa ungedhani anazindua daraja.

"Mheshimiwa, mbona uwanja tunautumia? Kuna darasa la jioni."

"Limeandikwa wapi?"

"Ubaoni."

"Kwenye kumbukumbu, mama. Kanuni ya saba inasema matumizi ni yale yaliyoandikwa na kusainiwa na ofisa mwenye cheo. Mna ofisa mwenye cheo darasani?"

Mama Funguo akafikiri kwa bidii. "Tuna fundi pancha."

"Cheo chake?"

"Fundi pancha."

Mwenyekiti akatabasamu kwa huruma ya kiserikali. "Basi hampo," akasema, na akampigapiga begani kumfariji kwa kutokuwepo.

Kamati ikahamia chumba cha wageni mashuhuri kujadili. Kulikuwa na feni, viti vya kuzama na birika la chai lisilokauka. Kanuni ziliruhusu vikao kumi na viwili, na vyote viliisha katika wiki mbili na nusu, kwa kuwa wajumbe walikuwa na mawazo mengi kuliko uwanja wenyewe. Mhandisi wa Kamati alitaka yajengwe maegesho ya magari ya ghorofa sita.

"Wataegesha waende wapi?" akauliza Mshauri Mwelekezi, kijana wa suti iliyombana.

"Waje kuyaona maegesho."

Mshauri alitaka ziwa. Akaulizwa maji yatatoka wapi, akajibu kwamba hilo ni suala la awamu ya pili. Mabishano yakapamba moto, mtu akamwita mwenzake kichwa cha kuku, na neno hilo likaingizwa kwenye muhtasari kama "mchango wa mjumbe". Hatimaye Mwenyekiti akatoa wazo lililowanyamazisha wote. Uwanja ubomolewe, na mahali pake yajengwe Makumbusho ya Uwanja, ili vizazi vijavyo vijue kwamba hapo palikuwa na uwanja. Wajumbe walipiga makofi wamesimama wima. Mama Funguo, aliyekuwa akibadilisha birika, aliuliza kama wale wanaotaka kuuona uwanja wasingeweza kuja kuuona sasa hivi, wakati upo. Akaambiwa aongeze sukari.

Vikao vikaisha, lakini chumba kilikuwa kimewakolea. Kule ofisini kulikuwa na foleni ya wananchi wenye shida zao. Huku kulikuwa na feni. Asubuhi iliyofuata kikao cha mwisho, Mwenyekiti na Mhandisi walifika kibandani kama kawaida, na Mwenyekiti, aliyezuiwa na kanuni kuandika "kikao", akaandika "kukagua".

"Kukagua nini, mheshimiwa?" akauliza Mama Funguo. "Safu ni ndefu. Jaza."

"Mama, mimi ni Mwenyekiti."

"Na mimi ndiye mwenye ufunguo."

Mwenyekiti akatazama huku na huku kama mtoto aliyekwama kwenye imla. Nyuma ya Mama Funguo, kwenye ukuta wa kibanda, ilining'inia ratiba ya darasa: Jumatatu kusoma, Jumanne hesabu, Jumatano barua rasmi, na kuendelea. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mwenyekiti akafuta lile neno, akaandika kwa mwandiko wa madaha: "Kufundisha watu wazima hesabu." Akasaini, akagonga mhuri aliotembea nao mfukoni. Mhandisi akaandika "kama hapo juu". Wakapokea ufunguo, wakaingia, na baada ya robo saa mikoromo yao ilisikika hadi jukwaa la mashariki.

Mama Funguo akabaki na daftari mapajani. Alisoma mstari ule mara mbili, kwa kidole, jinsi Mwalimu alivyowafundisha kuzisoma hati za serikali: nani, lini, nini, na saini ya nani. Halafu akachukua rula na kuchora safu mpya pembeni. Juu yake akaandika: "Idadi ya wanafunzi."

Kesho yake Mwenyekiti alipoiona safu ile aliguna. "Hii ya nini tena?"

"Utaratibu, mheshimiwa."

Neno hilo lilimgusa. Alikuwa mtu wa utaratibu. "Mko wangapi vile?"

"Kumi na tisa."

Akaandika kumi na tisa. Aliandika kumi na tisa kwa siku sitini na mbili, na kila siku akagonga mhuri. Alipozoea alianza kupamba. "Kufundisha barua rasmi, wanafunzi wameonesha ari." "Kufundisha kusoma, maendeleo ni ya kuridhisha." Siku moja joto lilipozidi na usingizi ukawa mtamu kupita kiasi, alipotoka aliomba daftari mwenyewe akaongeza: "Darasa lilikuwa zuri sana leo."

Darasani, Fundi Pancha alikuwa amekata tamaa. "Dada, tunasomea mtihani wa nani? Siku ya tisini hiyoo, inakuja."

"Soma wewe," Mama Funguo akamwambia. "Sehemu zinakusumbua, siku zinajihesabu zenyewe."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. Mama Funguo alimfunika mwanawe vizuri, akarudi kwenye robo na thumni zake.

Siku ya tisini ikawadia, nayo ilikuwa Jumanne. Kutoka makao makuu alikuja Mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, na sifa yake mbaya ilimtangulia: alikuwa anasoma. Viti vilipangwa uwanjani. Mwenyekiti alihutubia dakika hamsini kuhusu ukiwa wa Uwanja, akaeleza jinsi alivyotembea humo siku tisini nzima bila kukutana na dalili ya uhai, sauti ikamkatika kidogo alipofika kwenye Makumbusho.

"Asante," akasema Mkaguzi. "Daftari la funguo liko wapi?"

"Daftari ni safi kabisa," akasema Mwenyekiti kwa fahari. "Miaka yote hiyo hakuna ofisa mwenye cheo aliyesaini matumizi yoyote kabla yetu sisi."

Mama Funguo akalileta kwa mikono miwili. Mkaguzi akafungua, akalowesha kidole, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Mpiga picha alikaa chini.

"Hii saini ni yako?"

Mwenyekiti akainama. "Inafanana."

"Inafanana na nini?"

"Na yangu."

"Na mhuri?"

"Nao unafanana."

"Hapa ofisa mwenye cheo amefundisha watu kumi na tisa kwa siku sitini na mbili. 'Darasa lilikuwa zuri sana leo.'" Mkaguzi akavua miwani. "Nisaidie, Mwenyekiti. Ulikuwa unafundisha, au umeandika uongo kwenye kumbukumbu ya umma na kuupigia mhuri mara sitini na mbili?"

Mwenyekiti akamtazama Mhandisi. Mhandisi alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mshauri Mwelekezi alikuwa ameshapata simu ya dharura na anaelekea getini. Feni ilikuwa mbali.

"Nilikuwa nafundisha," akasema Mwenyekiti.

"Vizuri. Wanafunzi wako wako wapi?"

Saa ya jukwaani ilionesha kumi na moja kasoro dakika nne. Getini wakaanza kuingia mmoja mmoja na madaftari yao: dobi, mshona viatu, Fundi Pancha na mikono yake myeusi, mpishi wa shule aliyekuwa akijifunza kusoma menyu aliyoipika miaka ishirini. Nyuma yao Mwalimu, na boksi la chaki.

"Na huyu mzee?"

"Mimi ni msaidizi wake," akasema Mwalimu bila kupepesa macho.

Wakaingia wote kwenye chumba cha timu ngeni. Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao akiishika chaki kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenzake. Mama Funguo akakaa benchi la mbele, mtoto mapajani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lile swali ulilotuachia Jumanne iliyopita. Uwanja una mageti manane. Ukifunga robo tatu ya mageti, yanabaki mangapi?"

Bomba moja la kuogea lilidondosha tone.

"Inategemea sera," akasema Mwenyekiti.

"Sera haipo kwenye swali, mwalimu," dobi akasema kwa upole.

"Basi yanabaki yote, mpaka tathmini ikamilike."

"Mwalimu wetu ana mtindo huo," Fundi Pancha akamweleza Mkaguzi. "Anatuachia tufikirie wenyewe. Yanabaki mawili."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma alichoandika, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Uwanja Mkuu unatumika. Kwa kuwa mtumiaji mwenye kumbukumbu ni Kamati yenyewe, na mtumiaji hawezi kuamua hatima ya anachokitumia, Kamati inavunjwa kuanzia saa hiyo. Jengo halitaguswa mpaka kila aliyesajiliwa kwenye darasa hilo awe amefaulu mtihani. Na kwa mujibu wa kanuni ya kumi na moja, ofisa anayefundisha somo sharti awe na cheti cha somo hilo.

"Unacho cha hesabu, Mwenyekiti?"

"Kiliungua."

"Basi na wewe umesajiliwa. Namba ishirini."

Kesho yake, saa kumi na moja kasorobo, mtu mnene alifika kibandani. Hakuwa na mhuri. Mama Funguo akamsogezea daftari na kalamu. Akaandika "kufundisha". Mama Funguo akalitazama neno lile, akamtazama yeye, akasubiri. Akalifuta. Akaandika "kujifunza".

"Kaa benchi la nyuma, mheshimiwa," akamwambia. "La mbele limejaa."

Siku ya mia na tano watahiniwa ishirini walifanya mtihani wakiwa wamezungukwa na ndoano za jezi. Kumi na tisa walifaulu. Cheti cha Mama Funguo kinaning'inia kibandani, pale ilipokuwa ratiba, na binti yake ameshakijaza alama za vidole kwenye kioo.

Wa ishirini anarudia. Amesharudia mara tatu, na sehemu bado zinamshinda. Makao makuu yanaandika barua kila mwezi kuulizia maendeleo yake, maana kuna mipango mikubwa inayomsubiri. Kila Jumanne hukaa benchi la nyuma, ananyonya penseli, anahesabu mageti manane kwa vidole. Na kila anapomrudishia kalamu, Mama Funguo humwambia asiwe na haraka.