Seva Chini ya Kitanda cha Wageni

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimezindua seva yangu. Mgeni rasmi: mimi. Ni kompyuta kuukuu, kioo kimepasuka, imelala chini ya kitanda cha wageni, ambacho ni changu tangu nihamie kwa dada. Kazi yake ni kupeleka masasisho kwenye vibodi, yaani vikompyuta vidogo, nilivyofunga mtaani. Kimoja kipo kwa kinyozi, kinaonyesha foleni. Kingine kwa fundi cherehani, kinapiga muziki. Cha tatu ni cha shemeji, mume wa dada: kinalinda joto la mashine yake ya kutotoleshea vifaranga. Vidogo kama kiganja, umeme vinauonja tu. Zamani vilijichotea masasisho mtandaoni bila kuniuliza. Sasa vyote vitapita kwangu. Mtaa utanisalimia kwa heshima.

Jumanne, 4 Machi
Fundi Antena amepita. Anafunga madishi ya televisheni na anajiona mtaalamu wa kila chenye waya. Akauliza kwa nini nimevitenga vibodi na mtandao. Nikajibu usalama. Akauliza usalama gani. Nikasema ni mambo marefu. Akashauri nijaribu sasisho kwenye kibodi kimoja kwanza. Nikamwambia hivyo ni ndugu, kikikubali kimoja vimekubali vyote. Akanywa chai yangu, akamsifu dada kwa chai. Nimechoka na wiki bado mbichi.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimerusha sasisho kwa vyote kwa mpigo. Nikaenda kuoga. Kurudi, dada ananyoosha nguo chumbani kwangu, pasi imekalia soketi ya seva. Nikamuuliza amechomoa nini. Akasema kijiwaya tu. Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani. Vibodi vilikuwa vimemeza nusu ya sasisho, vikazimika.

Kinyozi akapiga simu: foleni imeganda, wateja wanagombea kiti. Fundi cherehani hakupiga. Alikuja mwenyewe, mkasi mkononi. Nadhani alisahau kuuacha.

Nikiwa bado namtuliza, nikakumbuka mayai.

Ijumaa, 7 Machi
Mwili hauna nguvu hata ya kushika kalamu. Jana nilikuta mashine imezimika, mayai yanapoa. Shemeji aliacha kazi kiwandani kwa ajili ya vifaranga hawa. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kiganja juu ya mayai, akasema taratibu, "Shemeji, haya yalikuwa karibu kabisa kuanguliwa."

Dada akajaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga taulo, akazipanga kando ya mayai kama analaza watoto. Kisha akanituma kwa Fundi Antena. Nikasema nitatengeneza mwenyewe. Dada akanitazama. Nikaenda.

Jamaa alikuja mbio, akaweka mfumo upya, mashine ikawaka. Hakunicheka. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 9 Machi
Vifaranga wametoka. Si wote, ila wengi. Chumba cha nyuma hakikaliki kwa kelele. Shemeji ameniwekea mmoja mkononi, akaniambia nipumzike kidogo na vibodi vya watu. Sikuweza kubisha, kale kadudu kalikuwa kananitetemekea kiganjani. Fundi Antena amevirudisha vyote mtandaoni. Dada sasa anamwita mwanangu. Mimi ananiita wewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepumzika asubuhi nzima, na akili imetulia. Tatizo halikuwa seva. Tatizo lilikuwa wateja: kinyozi, cherehani, kuku. Seva makini inataka kazi makini.

Mchana nimekutana na muuguzi wa zahanati ya jirani. Anatafuta mtu wa kufunga kifaa cha kulinda ubaridi wa friji ya chanjo. Nikamwambia asihangaike, amefika. Akauliza kama nina uzoefu. Nikamjibu kwamba nimewahi kusimamia joto la viumbe wengi, na wengi wao wako hai.

Ameridhika. Naanza Alhamisi.