Kadi ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Msiba. Wamebandika tangazo kwenye uzio wa bustani: Goraizan anang'olewa. Roboti wetu wa katuni, urefu mita kumi na saba, amesimama hapa Shizuoka miaka kumi na minne akiinua mkono wa kulia kila siku saa sita mchana. Tarehe thelathini atauinua kwa mara ya mwisho. Ati kutu imemla magoti. Hata mimi magoti yameliwa, lakini hakuna aliyenibandikia tangazo.

Nikasoma mpaka chini. Siku hiyo mkono hautainuliwa na kompyuta. Utainuliwa na shabiki mmoja atakayebonyeza kitufe jukwaani. Atapatikana kwa bahati nasibu ya kadi za posta. Mtu mmoja, kadi moja. Mshindi akipata udhuru, anaruhusiwa kumtaja mwingine wa kushika nafasi yake.

Kitufe hicho ni changu. Binti yangu Chinatsu alikuwa na miaka sita nilipombeba mabegani siku ya ufunguzi. Aliwaambia watu wote waliotuzunguka kwamba baba yake anajua roboti ana misumari mingapi, na watu wakaniangalia kwa heshima. Sasa ana miaka ishirini, anasoma Nagoya. Simu zetu ni za dakika mbili: mvua, chakula, haya baba. Leo nimempigia kumpa habari za msiba. Amesema atakuja siku hiyo. Amesema mwenyewe, sikumwomba! Basi atanikuta jukwaani.

Mke wangu Sanae ameuliza mtu mmoja kati ya maelfu anajuaje kwamba atashinda. Nimemwambia nina mpango. Amekwenda kuanua nguo.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango ndio huu. Mtu mmoja, kadi moja. Sawa. Lakini mimi najua watu wangapi?

Nimetoa orodha ya kadi za mwaka mpya. Majina arobaini na moja na anwani zake, kila herufi mahali pake. Kuna watu humo sijaonana nao tangu enzi za ujana, lakini kila Januari mosi wananitumia kadi nami nawarudishia, maana kutorudisha ni utovu wa adabu. Miaka thelathini ya adabu, leo imezaa matunda! Nitaandika kadi kwa jina la kila mmoja. Yeyote atakayeshinda nitamfuata, nitamweleza, naye atanitaja mimi.

Nimeandika tangu asubuhi; kazini, kwenye ghala la chai, nimeomba ruhusa kwa kisingizio cha meno. Kila kadi nimeizungushia gundi na unga wa dhahabu kingoni, ili mkono wa mchotaji ukiingia sandukuni ukwame hapo. Katikati nimemchora Goraizan. Ya kwanza ilikuwa yangu. Roboti alitoka kama jiko la mkaa. Lakini kadiri nilivyoendelea mkono ukapata moto, na kufikia ya thelathini nilikuwa fundi hasa.

Jina la arobaini na moja, la mwisho, ni Daktari Kuramochi.

Nilisita. Kuramochi ni daktari wa meno na mwenyekiti wa chama chetu cha mashabiki. Ana roboti za kuunganisha mia mbili nyuma ya vioo, huzishika kwa glavu nyeupe. Siku ya ufunguzi, gazeti lilipiga picha yake, mimi nikatokea sikio tu. Lakini juzi ametangaza chamani kwamba hatatuma kadi, watu wazima tuwaachie watoto. Kwa hiyo hata akishinda hatathubutu kupanda. Nafasi itabaki inaelea, nami nitakuwa karibu. Nikaandika. Kadi yake ndiyo iliyotoka nzuri kuliko zote, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 15 Novemba

Barua ya ushindi imeshatumwa kwa mshindi. Kwangu haijafika. Basi imefika kwa mmoja wa wale arobaini na moja, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini.

Siku tatu nazunguka mji na pakiti za chai mkononi, maana mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu. Bosi wangu wa zamani alidhani nimekuja kuomba anidhamini benki, akanijibu mlangoni bila kufungua komeo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu, miaka themanini na minane, alifurahi hadi machozi, akanisomea barua zake zote tangu mwaka jana. Saa tatu na nusu! Hakuna ya Goraizan. Mama mkwe alisema ndiyo, amepata bahasha kubwa. Moyo ukanipaa. Ilikuwa ya kumwita akapimwe masikio.

Pakiti za chai zimeisha. Miguu imevimba. Sanae ameuliza kwa nini ghafla napenda watu.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekufa. Anayeandika hapa ni maiti.

Kikao cha chama. Wanachama sita, biskuti za mchele, chai baridi. Kuramochi akasimama, akavua miwani. Akasema ana jambo linalomtetemesha. Amepata barua. Amechaguliwa yeye. Na hakutuma kadi! Aliapa kwa marehemu babake. Alituuliza mmoja mmoja kama ni sisi tuliomtumia, na kila mmoja alikana. Nami nilikana, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzangu.

"Basi ni Goraizan mwenyewe," alisema, machozi yakimtiririka. "Ameniita."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanyaje? Nikisema kadi ni yangu, wataniuliza na zile nyingine arobaini. Nikinyamaza, Chinatsu atatoka Nagoya kuja kumwona Kuramochi akibonyeza kitufe changu kwa glavu nyeupe. Nimejichimbia shimo kwa mikono yangu na gundi ya dhahabu.

Na ile hoja ya watoto? Nilimkumbusha kwa upole. Akasema aliyeitwa huitika mwenyewe, hamwachii mtoto.

Ijumaa, 28 Novemba

Siku tisa sijala vizuri. Chinatsu anafika kesho. Leo nimefanya jambo, na nilifanya kwa ajili ya haki.

Nilifikiri hivi: kadi ya Kuramochi si halali. Hilo ni kweli, nani anajua kuliko mimi? Waandaaji wakijua, wataifuta na kuchota upya. Sandukuni bado nina kadi arobaini na moja, pamoja na yangu yenye jiko la mkaa. Hesabu inanipendelea.

Nikaenda kwenye kibanda cha simu pale stesheni, nikawapigia waandaaji. Nikaweka kitambaa mdomoni, nikakwaruza sauti kama mzee. Nikasema mimi ni raia mwema, nina habari kwamba kadi iliyoshinda haikuandikwa na mwenye jina. Binti aliyepokea alinishukuru kwa adabu nyingi mno. Alivyozidi kushukuru nami nikazidi kuinama, mpaka nikagonga kioo cha kibanda kwa paji la uso. Akauliza kama niko salama. Nikakata simu.

Nina nundu. Nimemwambia Sanae ni kabati.

Jumamosi, 29 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Chinatsu alishuka treni saa nne, amekata nywele, amekuwa mtu mzima kabisa. Alinibebea begi langu! Tukaenda pamoja kwenye maonyesho, ukumbi ulio miguuni pa Goraizan. Foleni ya dakika arobaini, na kwa dakika arobaini tuliongea. Hatukugusa mvua. Aliniuliza misumari ni mingapi nikamwambia, akacheka. Laiti foleni ingekuwa ndefu zaidi.

Ndani kulikuwa na michoro ya zamani, kofia ya rubani kwenye kioo, meza za mashabiki na roboti zao za kuunganisha. Na ukutani, mbele kabisa, imekuzwa ukubwa wa mlango: kadi iliyoshinda. Mwandiko wangu. Goraizan wangu. Dhahabu yangu.

Chinatsu akasimama. Miaka yote ile nilimwandikia jina kwenye madaftari, kwenye sanduku la chakula, kwenye viatu. Aliitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama nundu.

Hapo ndipo Kuramochi alipotokea, amevaa suti. Akaniinamia. Akasema alitaka kunishtukiza kesho lakini ameshindwa kuvumilia. Siku kumi hana usingizi, anajiuliza kwa nini aitwe yeye na si mtu anayestahili. Hivyo Jumatatu aliwaandikia waandaaji kwamba anamtaja mwingine ashike nafasi yake.

"Ni wewe, Bwana Wakui," alisema. "Mji huu wote hakuna anayempenda Goraizan kama wewe."

Jumatatu! Mimi nimepiga simu Ijumaa.

Sijamaliza hata kuinama kumshukuru, akaja Bi Nomiyama wa waandaaji, na wanaume wawili wenye ngazi. Aliinama kuliko sisi sote. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba wamepigiwa simu na raia mwema, wamelinganisha mwandiko na wa barua ya daktari, kadi imefutwa pamoja na haki zake zote. Muda wa kuchota upya haupo. Mkono utainuliwa na kompyuta. Wale wanaume wakapandisha ngazi, wakaanza kubandua kadi yangu ukutani kuanzia juu.

Kuramochi alikuwa mweupe kama tofu. Mimi sijui nilikuwa rangi gani.

Tukatoka nje na Chinatsu. Tukanunua tambi za kukaanga, tukakaa kwenye benchi. Za kwangu zilipoa.

"Baba, ule mwandiko ni wako," alisema. "Na simu?"

Nikamwambia simu ni habari ndefu.

"Mwambie daktari ukweli. Kesho, mimi nikiwepo. Sitaki kitu kingine kwako." 

Nimemwahidi. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 30 Novemba

Watu elfu kadhaa. Upepo. Bendi ya shule. Jukwaani kitufe chekundu kimefunikwa kitambaa, hakuna aliyekuwa karibu nacho.

Nilikuwa tayari. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni: Daktari, kadi ni mimi, simu ni mimi. Maneno saba tu. Kuramochi alisimama kulia kwangu, Chinatsu nyuma yetu. Saa sita kamili, kompyuta ikafanya kazi yake. Mkono ukapanda taratibu, chuma kikilia magotini na begani, ukafika juu. Watu wengine wakalia. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Kuramochi akapiga magoti. Pale pale kwenye changarawe, na suti yake! Akasema kosa ni lake. Angekuwa makini angeichunguza kadi ile mapema, angeikataa, wangechota upya na huenda mimi ningeshinda. Kwa uzembe wake amenipokonya siku yangu mbele ya binti yangu. Akaniomba msamaha kwa paji la uso chini.

Jamani, mtu anapoomba radhi hakatizwi. Ni kanuni ya utu. Nilisubiri amalize. Alipomaliza, watu kama thelathini walikuwa wanatuangalia, bibi mmoja anapangusa macho, na wote walisubiri jibu langu.

Nikamsamehe.

Nilipogeuka, Chinatsu alikuwa amekwishavaa begi mgongoni. Ametangulia na treni ya saa saba badala ya ile ya jioni. Aliniaga kwa adabu, kwa kuinama, namna mtu anavyomuaga mwalimu mkuu. Nilimwona kwenye dirisha la treni mpaka likapita, hakuwa ananiangalia.

Nyumbani Sanae ameniuliza mtoto yuko wapi. Nimesema amepata udhuru. Ameniangalia kwa muda mrefu, halafu akarudisha bakuli la tatu kabatini.

Jumanne, 2 Desemba

Wameanza na kichwa. Kreni imekibeba asubuhi, nimekiona kutoka dirisha la ghala. Sikuweza kufanya kazi.

Kuramochi amekuja na sanduku la keki za maharage, la kunifariji. Bado anajilaumu. Ameacha kugusa roboti zake. Ana shabaha moja sasa, kumjua aliyefanya haya, si kwa kumwadhibu, bali apate kuelewa. Nilikula keki mbili.

Mchana ujumbe kutoka Nagoya. Neno moja: Bado?

Nimelia ghalani, nyuma ya magunia. Basi yatosha! Mtu afe mara moja. Nimekaa chini nikaandika kukiri kote, kurasa tatu, bila kujitetea. Orodha, gundi, dhahabu, kibanda cha simu, kitambaa, hata kioo nimekiandika. Nimeomba msamaha mara saba. Kwa miaka mingi sijaandika kitu cha kweli kama kile.

Halafu nikafika mwisho, mahali pa jina. Nikafikiri. Kuramochi ni mtu wa moyo laini, akijua ni mimi, rafiki yake aliyemtaja, ataumia mara mbili. Kumwumiza tena ni ukatili. Yupo Ozeki, aliyekuwa mweka hazina wetu, mwaka jana amehamia Hokkaido. Mbali kule, theluji tupu, hakuna atakayemfuata. Na Ozeki alikuwa mtu wa hivyo hivyo tu.

Nikainakili barua yote upya kwa mkono wa kushoto. Nikaweka jina la Ozeki, nikaweka stempu, nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta lililo mbele ya stesheni.

Mzigo umenitoka mabegani. Nimempigia Chinatsu saa hiyo hiyo nikamwambia: mwanangu, ukweli wote umeshatumwa.

Kisha akauliza, kwa sauti ya zamani, kama nimeweka jina.

Nikasema ndiyo.