Umma Washirikishwa Kuhusu Nafasi ya Yvonne

"Arobaini kwa mia," nilimwambia tena binti yangu, "na hapo nimekuhurumia."

"Sabini, Mama. Na sijaomba huruma, nimesoma."

Tulikuwa mlangoni pa ukumbi hapa Voi. Mimi nilikuwa nimeshika begi lenye kompyuta ya ofisi, naye Yvonne alikuwa ameshika mkanda wa begi hilohilo. Ya kwake ilikuwa imezima na kugoma kuwaka, na fomu ya chuo haijaziki kwenye simu. Alitaka kutuma ombi la kusomea shahada ya uzamili ya sera za umma katika chuo kimoja Nairobi, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi na moja jioni hiyo. Insha aliandika, walimu wake walimpendekeza, vyeti vilikuwa tayari. Kilichobaki ni kubonyeza, na kubishana nafasi yake ya kukubaliwa ni ngapi kwa mia.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wa kitaaluma. Mimi ni afisa wa kushirikisha umma, mwenye diploma na muhuri. Katika nchi hii huwezi kuchimba choo cha soko kabla wananchi hawajaulizwa wana maoni gani kuhusu choo, na anayewauliza ni mimi. Sasa mtoto wangu mwenyewe aende kuomba kusomea sera za umma bila umma kuhusishwa? Halafu akikataliwa, Voi nzima ijue, kwa kuwa nitakuwa nimeshawaambia mimi?

Nikang'oa mkanda mkononi mwake, nikaingia.

Kikao cha siku hiyo kilikuwa cha matangi ya maji. Wananchi walikuwa wamekubaliana kwamba maji ni mazuri, kwa hiyo tulifika mapema kwenye Mengineyo, kipengele cha mwisho cha ajenda. Nikasimama, nikasafisha koo na kutangaza kwamba ofisi ina fahari kuzindua Zoezi la Kutathmini kwa Pamoja Nafasi ya Yvonne Ajwang' Kukubaliwa Chuoni, la kwanza la aina yake katika kaunti na, tukisema ukweli, katika ukanda wote wa Afrika Mashariki. Watu wakapiga makofi. Katika vikao vyetu watu hupiga makofi mtu akinyamaza.

Nikawasomea makadirio yaliyopo, yangu arobaini na yake sabini. Wa kwanza kuomba kusema alikuwa mzee Kiema, anayeuza matikiti kando ya barabara kuu kule Miasenyi. Alianza na ndovu. Alieleza jinsi walivyovuka usiku wakamaliza shamba lake, na jinsi alivyotoa maoni hayohayo kwenye kikao cha barabara, cha kliniki na cha choo. Nikamwomba ayahusishe na mada. Akafikiri kidogo, akasema akienda huyo msichana kusomea sera, arudi na ua wa umeme. Bila ua, yeye anampa kumi.

Nikaandika: "Kumi, kwa masharti ya ndovu."

Kisha akainuka Wakio, mkulima wa kabichi kutoka Mghange kule milimani, mwanamke ambaye hajawahi kukosa kikao wala kuridhika na kimoja. Alitaka kujua hizo sabini ambazo msichana anazidai zimetoka wapi, na kwa nini zote zimepewa Voi.

"Kila kitu kizuri kinaishia hapa chini," alisema. "Sisi huko juu tunaletewa ukungu tu. Tunaomba ishirini zetu."

Yvonne akajaribu kueleza kwamba nafasi ya kukubaliwa chuoni haigawanywi kama mbegu. Nikamkanya asimkatize mwananchi. Moureen wa Mata, anayevusha vitunguu mpakani, akasema kama Mghange wanapata ishirini, Mata hawatarudi nyumbani mikono mitupu. Mzee Kiema kusikia hivyo akaacha ndovu wake, akadai ishirini za Miasenyi. Mimi ninaamini katika usawa wa maeneo. Nikazigawa palepale, na ukumbi ukaridhika kuliko nilivyowahi kuuona ukiridhika na matangi.

Yvonne alibaki na kumi.

Sasa nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na binti yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono mapajani, haniangalii. Amenibishia tangu ajue kusema. Siku hiyo hakubisha. Nikaona afadhali nifunge kikao kwa maneno ya hekima kuhusu subira, lakini Wakio alikuwa bado amesimama.

"Mwenyekiti, swali dogo. Huyu mtoto tumempima. Wewe unayempima, ukiomba hiyo shule, una ngapi?"

Nikajibu kwamba hilo haliko kwenye ajenda. Mzee Kiema akasema liko kwenye Mengineyo, na Mengineyo haina ukuta. Umma ukaunga mkono. Kwa utaratibu niliouweka mwenyewe, hoja ikiungwa mkono lazima ijibiwe, nami nikamwamuru Yvonne asome masharti ya chuo kwenye simu yake.

Akasoma taratibu, bila furaha hata kidogo, nadhani. Mwombaji awe na shahada ya kwanza. Diploma haitakubaliwa.

"Kwa hivyo wewe una ngapi, Mama Yvonne?" Moureen akauliza.

"Sifuri," nikasema.

"Ahaa. Basi jioni yote hii tumekuwa tukiongozwa na sifuri."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Walitikisa vichwa tu, kama watu waliothibitishiwa jambo walilokuwa wakilijua. Mzee Kiema akaniomba niliandike vizuri, nami nikaliandika vizuri.

Kisha nikafungua begi. Nikaiweka kompyuta mapajani mwa Yvonne, nikaiunganisha na mtandao wa ofisi, kinyume cha kanuni ambazo ni mimi huwasomea wenzangu. Ukurasa ukafunguka. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe, na mtoto aliyejipa sabini akaninong'oneza kama mwenye tano.

"Mama, na wakinikataa?"

"Watakataa wao, ndiyo kazi yao na wanalipwa. Mimi nimekuwa nikiwafanyia kazi hiyo bure. Bonyeza."

Akabonyeza.